Theluthi ya Nusra

Mbarak alichovya brashi kwenye kopo la chokaa, akauzungushia mnazi wa ishirini na moja mistari miwili. Huo wa Twaiba. Iliyotangulia miwili, yenye mstari mmoja mmoja, ilikuwa yake, kwa kuwa mirathi humpa mwana wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Shamba la marehemu baba yao hapo Msambweni lilikuwa na minazi thelathini na sita. Alikuwa ameihesabu mara tatu.

"Yangu mbona yote vikongwe?" Twaiba aliuliza nyuma yake. "Huu hata kunguru hautaki."

"Nafuata safu, dada. Sichagui."

"Safu yenyewe imekupenda wewe."

Nusra akatokea upande wa kisima, mzigo wa makuti kichwani. Alikuwa binti wa ndugu yao Ubeid, aliyefariki miaka sita kabla ya mzee. Kwa makuti ya shamba hilo, aliyoyashona na kuyauza Diani, alilea wanawe wawili.

"Shikamoo ami. Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Nusra aliitazama minazi. "Sasa makuti nitamwomba nani, ami? Mwenye mstari mmoja au miwili?"

Aliuliza kama mtu aulizaye njia, bila kinyongo. Mbarak sheria aliijua: mwana wa kiume akiwa hai, mjukuu harithi. Lakini asiyerithi huweza kuusiwa hadi theluthi ya mali, na wako wanazuoni wasemao kwamba kwa mjukuu kama huyu wasia ni wajibu. Mzee naye alilijua hilo. Katika ugonjwa wake wa mwisho aliomba karatasi. "Niandikie theluthi ya Nusra," alisema, akihema. Mbarak akamwonea huruma. "Pumzika, baba. Tutaandika kesho."

Kesho hiyo mzee hakuiona. Miezi minne sasa Mbarak hakuwa amemdanganya mtu, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.

Aliweka brashi chini, akawaeleza yote.

"Na mimi ukawa unanipakia chokaa tu?" Twaiba alisema.

"Aliyesikia ni mimi peke yangu. Ukikataa, nitatoa katika fungu langu. Lako sina amri nalo."

Twaiba alihesabu kwa vidole. "Kumi na miwili ya Nusra. Inabaki ishirini na minne. Wewe kumi na sita, mimi… minane!"

"Minane."

Nusra alikuwa ameutua mzigo, ameinamisha macho. Twaiba alimgeukia Mbarak.

"Baba alitamka hivyo?"

"Wallahi, alitamka."

"Basi mimi ni nani nimpinge? Ila vikongwe tugawane sote. Minane yangu naichagua mwenyewe."

Mbarak alichukua panga, akarudi kwenye mnazi wa kwanza kukwangua alama. Chokaa ilikuwa imekauka, haikubanduka upesi. Alikuwa amekwangua minne tu alipohisi mkono umekufa ganzi.

"Iliyobaki kesho," alisema.

"Kesho yako naijua mimi," Twaiba akajibu. "Nusra, mama, hebu kalete karatasi."

Nusra akaenda mbio kama msichana. Mbarak alijipangusa chokaa mikononi, akaketi juu ya mzigo wa makuti, akangoja kuandika. Minazi kumi na saba ilibaki na alama zake za chokaa.