Muhuri Kwenye Katoni ya Unga

Itangazwe rasmi, kutoka Kasongo hadi Kabambare, na mwenye kofia aivue: Mama Émérance, mjane na bingwa wa unga wa mchele, amekumbwa na janga! Janga lenyewe ni katoni. Katoni kuukuu, iliyokaa wiki tatu kwenye kichanja juu ya moto ili unga usishike ukungu wa masika.

Muganga Raphaël wa zahanati, aliyekuja kununua kilo mbili, alinusa akakunja uso.

"Mama, hii unga iko inanuka gazeti."

"Gazeti? Nilitwanga mwenyewe, nikachekecha mara mbili! Ni pua yako, muganga."

"Pua yangu iko muzima. Katoni hii walitengeneza na magazeti ya zamani. Joto inatoa mafuta ya wino, inaingia mu unga, hata ukitandika plastiki. Mutu mukubwa hasikii kitu. Lakini mutoto, kila siku, kidogo kidogo..."



Mchi ukamponyoka Mama. Juzi alikuwa amempa Ayoubu wa pikipiki katoni nyingine, ndugu ya hii, aipeleke Kabambare kwa binti yake Laura. Mjukuu wake Esther-Divine, miezi saba, hakubali uji mwingine ila wa unga wa bibi.

Akapanda kichuguu nyuma ya choo, mahali pekee penye rezo ya simu.

"Laura! Unga ilifika?"

"Jana, mama! Mutoto amekula bakuli mbili, iko analilia ya tatu!"

"Mwaga! Mwaga yote!"

"Nini?"

Simu ikakatika. Akapiga tena. Haipatikani. Akapanda juu zaidi hata udongo wa kichuguu ukaporomoka.

"Na chungu chako cha kuwekea unga uliachia nini?" Raphaël aliuliza kutoka chini, katoni mkononi.

"Katoni iko na muhuri! Soma mwenyewe: 'Salama kwa watoto wachanga.'"

Raphaël akausoma. Duara lake la buluu lilikuwa sawasawa na mdomo wa bilauri. Sahihi ilikuwa na mikia mitatu, kama ya waziri. Akageuka taratibu kumtazama Olga, kitinda mimba wa Mama, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, na ambaye sasa alipepeta mchele kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Olga. Onyesha vidole."

Kucha bado zilikuwa na madoa ya buluu.

Basi, matangazo yaishie hapo. Olga ni mimi. Nilichora mihuri miwili kwa mzaha, mmoja kila katoni, nikingoja Mama acheke. Yeye akanishukuru, akakiweka chungu pembeni.

Juu ya kichuguu bado anainua simu kuelekea Kabambare, mkono umenyooka, visigino vimeacha udongo.