Gauni la Teodora

Kuna watu wakikukosea wanakuonyesha kosa lenyewe kwa fahari, halafu wanangoja uwashukuru. Rehana wa Makambako ni mmoja wao, na sitaficha kwamba bado nina hasira naye.

Mdogo wangu Teodora alipigwa picha moja tu maishani mwake, siku ya Pasaka pale Uwemba, akiwa amevaa gauni la kitenge alilojishonea mwenyewe. Rehana, ambaye tangu serikali iruhusu biashara huria alikuwa akituuzia vitenge vya kila aina, aliiona picha akaiomba. Yeye na wenzake wa Mbeya, Songea na Dar es Salaam walikuwa na kikundi kwenye intaneti, jambo geni kwetu miaka ile. Mmoja anaweka picha ya mshono, wengine wanaihifadhi na kuwapelekea mafundi wao. Teodora alikubali kwa furaha. Kabla picha haijarudi, homa ikamchukua, akamwacha binti yake Dafroza bado ananyonya.

Mtoto alipokua akaanza kuniuliza mama yake alifananaje, nilipanda basi kutoka Njombe kuifuata picha.

Rehana alinisalimia "kamwene" kwa bashasha, akanipa pole, akanipeleka kwenye chumba cha kompyuta karibu na stendi. Alisema nisiwe na wasiwasi, kwenye kikundi chao hakipotei kitu. Gauni lilikuwepo kweli, mikono iliyojaa, mkanda, hata marinda ya pindo. Juu ya kola hapakuwa na mtu.

Nikamuuliza uso uko wapi.

"Nyuso hatuweki, dada," akasema. "Kuna waume walikuja juu, hawataki wake zao waonekane na watu wasiowajua. Kwa hiyo tunakata kabla ya kuskani. Ni heshima tu."

"Mliikata picha yenyewe?"

"Kwa mkasi. Kile kipande cha juu hakikuwa na mshono, nikakitupa."

Alisema hivyo kama anayezungumzia maganda ya viazi. Nilimuuliza hiyo ni heshima gani, kumtupa mtu na kutunza nguo yake. Akalia, na kilio chake kikazidi kuniudhi, maana aliyefiwa nilikuwa mimi. Akaandika kwenye kikundi kwamba mwenye gauni lile amefariki, na ndugu zake wanatafuta picha nzima. Wakajibu upesi. Pole zilikuwa nyingi, na mmoja akauliza mikono ile imekatwaje.

Alinichapia lile gauni kwa rangi, kwenye karatasi nzuri. Nilitamani kuichana mbele yake, lakini sikuwa na kitu kingine cha kumpelekea mtoto.

Nyumbani nilimwambia Dafroza kwamba huyu ndiye mama. Aliitazama ile karatasi, kisha akaigeuza nyuma, akamtafuta huko.