Hupla ya Merle

Hivi wewe, umewahi kunyimwa kitu maisha yako yote, kisha ukamwona aliyekunyima anakila mbele yako kwa mikono miwili?

Ndiyo yaliyompata Ardith, katika mji mdogo wa Iowa, siku mumewe Merle alipostaafu zimamoto ya kujitolea.

Pale mjini wana neno lao, hupla. Ni zile kelele za shangwe: matarumbeta, maputo, keki, watu kupiga mbinja. Na bibi harusi wa mzimamoto alikuwa na hupla yake: hupandishwa gari jekundu la zimamoto, akazungushwa uwanja wa mahakama huku king'ora kikilia. Wake wa wazimamoto wengine wote walipanda. Ardith hakupanda. "Mimi hupla siitaki," Merle alisema enzi hizo, basi wakafungishwa ndoa na karani wa mahakama, wakarudi nyumbani kula soseji. Watoto wakazaliwa, hakuna hupla. Ndoa ikatimiza nusu karne, hakuna hupla. Ardith akaitikia tu. Utamvutaje mtu kwenye ngoma asiyoipenda?

Leo, siku ya kumuaga Merle, Ardith alikuwa ukumbini anamimina kahawa, chapati za maji zikinukia siagi, mara king'ora kikalipuka nje. Akachungulia dirishani. Merle huyo juu ya gari jekundu, kofia kaipinda upande, anapunga mikono kama mfalme, na bendi ya shule inapuliza nyuma yake.

"Maskini kaka yako, mmemtia aibu," alimwambia wifi yake Twila. "Si mnajua hapendi hupla?"

Twila akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Hapendi nani, wifi? Kaiomba mwenyewe! Tangu Krismasi ananiganda: bendi usisahau, Twila, king'ora usisahau."

Birika likawa zito mkononi. Ardith akaliweka chini taratibu, akafuta tone la kahawa kwa ncha ya aproni, akatoka.

"Mama watoto!" Merle akamwita toka juu. "Umeiona hupla hiyo?"

"Nimeiona."

"Sasa mbona umenuna? Kelele kidogo tu, mpenzi."

"Ulisema huzitaki, Merle."

Merle akavua kofia. "Na wewe hukusema unazitaka."

Bendi ikatua kuvuta pumzi. Ardith akashika ngazi ya gari, baridi ya chuma ikamwingia kiganjani.

"Nilitaka kupanda," alisema, watu wote wakisikia. "Siku ile ya ndoa yetu, na gauni langu la kijivu. Nilitaka king'ora kinililie mimi."