Ale Kwanza

...lakini Joweria anamtaka Sikujua simu ya nini, simu ina chaji tele, kaichaji mwenyewe nyumbani kwa madam anakofanya kazi za ndani kabla ya kutoka, na bado Joweria kanyoosha mkono juu ya mikate, "Lete nikuwekee, dada, leo hakuna simu, leo ni kula tu," haya bwana, akampa, ikatumbukia kwenye mkoba wa Joweria, Mganda huyo, askari wa getini anayejulikana kwa ukali jengo zima na leo sauti imemlainika mpaka inatia wasiwasi, na Shomari naye, Shomari! mtu wa kwao Tanga, anayeshinda gatini Deira, huku ugenini, akipakia majokofu na matairi na kuwachamba mabaharia tangu asubuhi, leo anatazama bakuli lake la chai utadhani limemtukana, na kule nyuma ya mkahawa mpishi anavuta tambi kwa mikono na kuzipigiza mezani, pwa! pwa! na kila pigo Sikujua anashtuka, moyo umekuwa mwepesi hivi tangu Jumatano... Jumatano, ndiyo, jikoni kwa madam, sinki limejaa vyombo, akafungua status ya Tufaha, binti wa kaka yake, akaona picha ya mama na maandishi meupe chini, Inna lillahi, na hajamaliza kusoma picha ikafutwa, ikawa haipo, na jioni kaka Ramathan akapiga, "Mama yupo, kalala tu, vihoma homa," naye akajibu, "Haya, akiamka msalimie," akakata, akaendelea kusugua sufuria, hakulia, angelilia wapi, madam ana wageni, na hawa wenzake nao awaambie ili iweje, mtu kapata siku yake moja ya kupumzika umletee msiba kwenye chakula? Jamani, hapana, kajipaka wanja, kaja, anacheka panapochekwa.

"Yalla, sinia hilo," anasema Precious, wa nne wao pale mkekani, na Haji mwenye mkahawa, mzee wa Kiuighur, Mwislamu wa upande wa Wachina, analileta mwenyewe kwa mikono miwili, wali wa karoti za njano unafuka moshi, nyama ya kondoo imelala juu, wenyewe wanauita polo, Shomari siku zote huuita pilau iliyopotea njia, leo hata hilo hajalisema, bismillah, mikono inaingia, kila mtu upande wake kama nyumbani, na Sikujua, ambaye miaka yote hii kwa madam anakula kasimama, sahani juu ya mashine ya kufulia, anasahau kwanza vidole vinakusanya wali vipi, halafu vinakumbuka vyenyewe, na nyama inasogezwa kwake, ya Shomari, ya Joweria, nyingine tena ya Shomari, nyie vipi, mnaninenepesha niende wapi? "Kula kwanza," anasema Precious, kakaa karibu hivyo mpaka mapaja yanagusana, "kula kwanza, mdogo wangu."

Kula kwanza... kwanza, halafu? Alilisikia wapi hilo, alilisikia kwa shangazi Pangani, likizo ya shule, wali na samaki wa nazi, watu wazima wamekaa wanamtazama mdomo, na mama kasafiri kutoka Tanga mchana kweupe bila kusema kaja kwa lipi, na shangazi alipofungua mdomo mama akamzuia, "Ale kwanza, mwache mtoto ale," akala, akanawa, ndipo akaambiwa baba hayupo tena. Mkono wake unasimama juu ya sinia. Mkoba wa Precious uko wazi pale mkekani, Precious Msabato wa Mbeya, mtu wa suruali na kofia, na ndani mna kanga mpya, bado ina lebo ya dukani, ya nani kama si ya kumfunga yeye kiunoni kama mfiwa... Ewe Mola. Wanajua. Ramathan kampigia Shomari, mwambieni nyinyi, asisikie akiwa peke yake, nao wamekaa wakapanga, wewe chukua simu, wewe lete kanga, wewe mwanamume utasema, ndiyo maana maskini anaikodolea tu chai! Na yeye siku zote hizi anawaficha wao. Cheko linampanda, chozi nyuma yake, ahsante, anawaambia kimoyomoyo, ahsante, mama yangu kazikwa mbali nami lakini mmeniandalia jamvi, aliyewafundisha nyinyi kufanya hivi kwa mtu asiye ndugu yenu Mungu amlipe. Aseme najua? Amtue Shomari mzigo? Angeweza, maneno yapo hapa kwenye ulimi... hapana, aambiwe, aambiwe kama mtoto wa watu anavyoambiwa, na akianguka aangukie mikono hii.

"Umeshiba?" anauliza Shomari, na sauti inamkatika, mtu mzima huyo.

Pwa! kule nyuma. Mvuke bado unapanda, akinawa tu mama atakuwa amekufa.

"Bado, kaka," anasema Sikujua. "Nisogezee na ile ya mfupa."