Baragumu la Simfonia ya Tano

Mume wangu, Averyan, alipiga baragumu katika okestra ya mji wetu wa Perm, Urusi, lile la shaba lililojikunja kama konokono. Siku hizo tulimtaja mtunzi Chaikovski kama mtu wa ukoo wetu. Kila majira ya baridi okestra ilipiga baleti zake, watoto wakijaa ukumbini na makoti yao yananuka theluji. Averyan alizijua zote, lakini moyo wake ulikuwa kwenye Simfonia ya Tano. Katika sehemu ya pili, fidla na ndugu zake wanavuma chini, taratibu, halafu baragumu moja linaanza kuimba peke yake. Akiifanyia mazoezi chumbani, nilikuwa nasahau sufuria jikoni. Supu ngapi za kabichi ziliungua!

Aliyekaa kando yake jukwaani alikuwa Emil Tagirov, Mtatari mcheshi, rafiki yake tangu chuoni.

"Ukiugua tu, wimbo huo ni wangu," Emil alikuwa akimtania.

"Subiri nife kwanza!"

Siku chache kabla ya kuipiga hiyo Simfonia ya Tano, Averyan aliteleza kwenye barafu nje ya duka la mikate akavunjika meno ya mbele. Alitiwa ya bandia, lakini midomo haikupata tena pa kuegemea. Sauti ikawa inatoka imepasuka. Emil akapewa nafasi yake. Alipokuja kumjulia hali, Averyan alimkatiza mlangoni.

"Si ulikuwa unaitamani? Haya, nenda ukapige."

Emil aliinamisha kichwa akashuka ngazi. Averyan akapata kazi kwenye ghala la bandari ya mtoni, na hakukanyaga tena ukumbini. Redio ikianza kupiga Chaikovski, aliizima. Mimi nilikwenda kusikiliza kwa jirani, nikijifanya nimefuata chumvi.

Miaka ikaenda, watoto wakaoa, nywele zetu zikawa nyeupe. Siku moja kengele ya mlango ikalia. Emil, kofia mkononi.

"Shemeji, yupo huyu mkaidi?"

"Yupo. Ingia, atakufukuza mwenyewe."

Averyan hakuinuka kitini. "Umefuata nini?"

"Nastaafu. Tamasha langu la mwisho ni la ile Simfonia ya Tano. Nataka uje."

"Nije nikupigie makofi?"

"Uje usikilize. Ukitaka kunitukana, utanitukana baadaye. Nitakaa nikusikilize mpaka uchoke."

Siku ya tamasha nilivaa gauni langu. Nilipofika mlangoni nikamkuta ameshavaa viatu.

Sehemu ya pili ilipoanza, Averyan alinishika mkono. Baragumu likaimba. Lilikuwa tamu, lakini si utamu uliomfanya anifinye vidole. Katikati ya mstari mrefu, mahali ambapo wengine hawathubutu kukata, Emil alivuta pumzi kidogo, kama mtu anayetaka kulia akajizuia.

"Pale ni pangu," Averyan alininong'oneza. "Kiongozi wetu wa okestra alinigombeza kila mara kwa pumzi ile. Anapiga kwa pumzi yangu, Lidia. Miaka yote hii anapiga kwa pumzi yangu."

Machozi yalimtiririka wala hakuyafuta. Nyuma ya jukwaa alimkumbatia Emil pamoja na baragumu lake.

"Mwizi wewe," alimwambia.

"Ningepumulia wapi pengine? Nilikuwa nimekaa ubavuni pako. Ndivyo nilivyoujua wimbo huo."

Tangu hapo Emil alikuja kwetu kila Jumapili. Nikipika pelmeni, zile tonge za unga zenye nyama ndani, wao wanabishana: Simfonia ya Nne inafunguliwa na mabaragumu, je, yaingie kwa hasira au kwa fahari? Walipiga meza, wakaimba kwa midomo iliyochoka, wakaitana majina ya chuoni, na chakula kikapoa mbele yao huku nikiwagombeza.

Wote wawili wamekwishaondoka duniani. Siku hizi Jumapili nakula pelmeni zikiwa za moto.