Moto Alioutaka Verna

…lakini kuna oksijeni humu ndani, alisema Arvo Kangas, akiuonyesha mtungi mdogo uliosimama ubavuni mwa kiti cha mkewe, akadhani hapo amemweza, maana mtu gani mwenye akili zake atawasha moto katika nyumba ya mgonjwa anayepumua kwa mrija, ila fundi Beaudry hata hakushtuka, alikuwa amepiga goti mbele ya ukuta ambao bado ulikuwa mifupa mitupu ya mbao, akasema swali hilo analipata kila wiki, mzee, meko haya ya gesi moto wake uko nyuma ya kioo kilichozibwa, hewa unavuta kutoka nje na moshi unatoa nje, cha muhimu mama na mtungi wake wakae futi kumi kutoka kwenye meko, na chumba hiki kina futi kumi na nane, nimepima… amepima, nani kamwambia apime, kila mlango Arvo anaoufunga huyu bwana anaufungua kwa upole uleule, alianza na nafasi ikapatikana, akaja na joto la kioo akaambiwa kuna wavu wa kukinga, sasa hata hoja ya oksijeni imemtoka mkononi, na kesho saa moja asubuhi mafundi wa jipsamu wanakuja kuufunika ukuta, kwa hiyo neno linatakiwa leo, hapa, na Verna amekaa na koti lake kwenye kiti cha kukunja karibu na dirisha, anatazama theluji ya kwanza ikishuka upande wa ziwa, alichotaka kusema alikisema mwezi wa sita walipoletewa ramani, alipitisha kidole juu ya jiko la kupikia, juu ya bafu lenye vyuma vya kushikilia, nyumba hii mpya nzima haina ngazi kwa ajili yake, akasema yote mazuri, mimi nataka kitu kimoja tu, pa kuota moto, hata kama si kuni… hata kama si kuni, alilisema hivyo bila kumtazama, na Arvo akajibu tutaona, na ameendelea kuona hadi leo, mwezi wa kumi, na fundi anaeleza sasa habari za kitufe, unabonyeza tu, mzee, hakuna kuchochea wala kuzoa majivu, na Arvo anaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza, kumbe yuko kwenye ukumbi wa hospitali mwezi wa nne, Verna ameingizwa kupigwa picha ya mapafu, na daktari, binti mdogo mwenye viatu vya kukimbilia, anamuuliza wakiwa wawili tu, nyumbani mnapasha joto kwa kitu gani, kuni, akasema, na je, moshi huwa unaingia ndani, na yeye, mtu wa miaka sabini na tatu, aliyekuwa akisoma Maandiko kanisani mbele za watu, akasema hapana, bomba la moshi nalisafisha mwenyewe kila mwezi wa tisa, jambo ambalo ni kweli kabisa, analisafisha mwenyewe, ndiyo maana ufa aliuona mwenyewe, nyuma ya kiwiko cha bomba, mahali ambapo mtu aliyesimama sebuleni, kule nyumba ya zamani, hawezi kuona, mrefu kama kidole, akauziba kwa udongo wa kuzibia jiko, akajiambia mwakani nitafunga bomba jipya, na mwakani ikaja mara kumi na moja, maana bomba lile lilifungwa na baba yake, kwa mikono yake, na nani atang'oa kazi ya baba yake kwa sababu ya ufa wa kidole kimoja, na daktari akasema ajabu, hajawahi kuvuta sigara, mapafu yake ni kama ya mtu aliyekaa na moshi miaka mingi, akaandika hapana kwenye karatasi yake, akasema tumtunze, amebakiwa na majira mawili ya baridi, labda matatu… na sasa Verna anataka tena moto, na Arvo akiuona moto hata wa njiti hugeuza uso, hataweza, aseme tu hapana, aseme gesi anaiogopa, watu wengi wanaiogopa gesi, si aibu, ampe blanketi la umeme, ampe mawili, na Beaudry amemgeukia mama sasa, anamchangamsha, anasema na usafi je, mama, haya hayakupi kazi, mapazia yako hayatashika masizi hata kidogo, na Verna akacheka, kicheko kifupi kikageuka kikohozi, akangoja kipite, akasema, "Mapazia nimefua ya kutosha, mwanangu"… mapazia… yale ya manjano ya sebuleni, kila Jumamosi ya pili, kuanzia theluji ya kwanza hadi ya mwisho, ndoo mbili za maji ya moto, na yale maji akiyamwaga nje kando ya baraza, na theluji pale ikawa nyeusi, doa jeusi ambalo Arvo alikuwa akiliruka kila akienda kuchukua kuni, akiliruka miaka kumi na moja, Mungu wangu, kwani nani anafua masizi Jumamosi hadi Jumamosi asijue yanatoka wapi, na ule udongo wa kuzibia, kila mwaka alipopanda kusafisha aliukuta mzima, akajisifu kazi yangu inadumu, na juu yake palikuwa na alama ya kidole kilicholainisha, aliiona, aliiona kwa macho yake, nyembamba, kidole chake yeye kingeacha alama mara mbili ya ile, na hakujiuliza, au alijiuliza akafunga mdomo wa swali, maana alikuwepo usiku ule wa kwanza Verna alipomwambia nasikia harufu ya moshi, Arvo, na yeye akamkata, nimezaliwa na jiko hili, usinifundishe, na Verna hakurudia tena, sio mwaka ule, sio mwaka wowote, alichukua kiti akapanda mwenyewe akaziba upya, akashuka akafua mapazia, akapika, akamwita mezani… alijua, hospitalini alijua, kwenye ramani alijua, na bado katika nyumba nzima kitu alichoomba ni moto, si kwa sababu ya baridi, baridi blanketi linaiweza, ni viti viwili na miezi sita ya theluji na mtu asiye na kuni za kupasua wala bomba la kusafisha, mtu asiye na pa kukimbilia, ameketishwa mbele ya moto pamoja na mkewe, na hapo ndipo Arvo alipoona kwamba ile hapana aliyokuwa akiitafutia sababu tangu asubuhi haikuwa ya kumlinda Verna hata kidogo, ilikuwa ya kujificha yeye, kama alivyojificha nyuma ya karatasi ya daktari, nyuma ya baba yake, akashika mbao ya ukuta, na fundi akauliza, "Basi mzee, nikate tundu la meko au nisikate?" na Arvo akafungua mdomo ampe jibu, kikatoka kitu kingine, "Verna, ule ufa wa bomba," akakwama hapo, hajui sentensi inaendaje mbele, na fundi akainamisha macho kwenye vifaa vyake kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake, na Verna, bila kugeuka, huku theluji ikiendelea kushuka, akasema polepole, akivuta pumzi katikati ya maneno, "Mjibu fundi kwanza, Arvo. Hilo tutalizungumza tukishakaa."