Kipande Kilichokosekana

Hatibu mhunzi hakuokota baiskeli, aliokota mifupa yake. Mjerumani mmoja mpima ardhi alitumbukia nayo korongoni, akajikongoja akatoka huku akilaani milima yote ya Uluguru, akaenda zake kwa miguu. Aliacha gurudumu moja lililojikunja na lingine lisilofaa hata kuchezewa na watoto. Hatibu akaibeba kichwani mpaka kwake, juu kule kunakoitazama Mlali, na mkewe Hidaya akamwuliza kama siku hizi anazika vyuma vya Wazungu.

Hela hakuwa nayo, lakini moto alikuwa nao. Gurudumu lililojikunja alilinyoosha kwa nyundo ile ile ya majembe, na njiti zilizokatika akazifua nyingine kutoka jembe kuukuu. Tairi alizisokota kwa kamba ya mkonge, akazipaka utomvu wa mpira tabaka juu ya tabaka mpaka zikanona. Kiti kilikuwa kigoda kilichovunjika miguu, juu yake ngozi ya mbuzi. Gurudumu la mbele alilipata mjini dukani kwa Rahemtulla, akamwachia majembe. Lilikuwa dogo kuliko mwenzake, kwa hiyo baiskeli ikainama kama mtu anayerukuu. Mnyororo aliukosa kabisa, akasema si neno, itasukumwa.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hatibu akaisimamisha uwanjani, akaiachia, akarudi nyuma kuitazama. Ikaanguka. Akaiinua, ikaanguka tena, na Hidaya akaingia ndani kucheka kwa adabu.

Hapo ndipo palipomkera. Kwa macho yake mwenyewe alimwona tarishi wa boma, mjini Morogoro, akipita juu ya chombo kama kile na miguu yake haigusi ardhi. Basi lazima kiko kipande kinachoisimamisha. Akarudi korongoni kuchakura matope. Akarudi kwa Rahemtulla.

"Hakuna kipande kingine, bwana," Rahemtulla alimwambia. "Iko hivyo hivyo tu."

Hatibu akaondoka akiamini kwamba amefichwa. Mhunzi ni mkaidi. Ukimwambia chuma hakipo, atasema umekikalia.

Kabla hajakipata, habari ikapanda kutoka Mlali. Bi Asia, dada mkubwa wa mama yake, hainuki mkekani, na anamwita mdogo wake waonane. Mama yake Hatibu, Bi Mwanaheri, miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu tangu masika. Vijana wakaja na machela wambebe. Bibi akawatimua kwa mkongojo.

"Machela huteremka na Mzungu au na maiti," alisema. "Dada yangu akichungulia aone machela inakuja, atakata roho kabla sijafika."

"Nina chombo, mama," Hatibu alisema kwa aibu. "Lakini kina upungufu. Hakisimami."

"Na mimi sisimami. Tutafaana."

Hatibu akafunga mti wa mwanzi nyuma ya kiti kwa kamba ya mgomba, apate pa kushikia. Hidaya akashika usukani, yeye akashika mwanzi, na Bi Mwanaheri akakaa katikati akitoa amri. Waliteremka taratibu wakipumzika kila kwenye kivuli, na kila mara baiskeli ilipotaka kulala, Hatibu alimwomba Mungu msamaha.

Kwenye mteremko wa mwisho, njia ilipopanuka na mapaa ya Mlali yakaonekana, Hidaya alijikwaa akaachia usukani. Hatibu akavuta kwa nguvu. Kamba ikakatika, akabaki na mwanzi mikononi.

Akafumba macho asimwone mama yake akianguka. Hakusikia kishindo. Alipofumbua, Bi Mwanaheri alikuwa anakwenda peke yake, kanga inapepea, hakuna mkono wa mtu uliomshika mbele wala nyuma. Kadiri chombo kilivyokwenda, ndivyo kilivyosimama. Hatibu akasahau kukimbia. Mwili ulimsisimka mpaka utosini, akasema "Subhanallah" kwa sauti. Kumbe kipande alichokichakuria matope kilikuwa mwendo wenyewe, na hakuna mhunzi duniani anayeweza kukifua.

Ndipo akakumbuka kwamba yule ni mama yake, akatimua mbio.

Alimkuta ndani ya matuta ya viazi, nyuma ya nyumba ya Bi Asia, baiskeli imelala juu yake, akicheka hana meno. Kwenye mlango wa nyuma alisimama Bi Asia mwenyewe, ameshikilia mwimo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama mkubwa," Hatibu alisema akihema.

"Marahaba. Nani alikuwa amemshika?"

"Hakuna mtu, mama."

Bi Asia alimtazama mdogo wake, akakitazama kile chombo kwa muda mrefu.

"Nipandisheni na mimi."

Hidaya alitaka kukataa. Bi Mwanaheri akasema kutoka matutani, "Mpandisheni dada yangu." Hidaya akaisimamisha baiskeli, Hatibu akamwinua Bi Asia. Alikuwa mwepesi mno, na wepesi ule ulimwuma. Akamweka kitini, akampitisha uwanjani, mkono mmoja kiunoni mwake na mwingine kwenye usukani, mpaka pale uwanja unapoanza kuinama kuelekea njiani.

"Hatibu," Bi Asia alisema, bila kugeuka. "Niachie."

Hatibu akatembea naye hatua chache zaidi, akilia. Kisha akaachia.